Mwacheni Asimame

Kila siku ya shule nasimama uwanjani mbele ya watoto wa watu, filimbi shingoni, nawaambia wakunje magoti, wanyooshe mgongo, wasizibe pumzi. Wanatii. Wako wanaonung'unika, wako wanaosingizia tumbo, lakini mwisho wanatii. Halafu narudi nyumbani kwetu huku mtaa wa Annexe, nakuta baba yangu amelala chali vilevile nilivyomwacha asubuhi, na ndani ya nyumba nzima hakuna anayetaka kunisikiliza. Basi nina hasira. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa mbele ya safari.

Baba ni Mzee Alimasi, fundi wa milango. Ukipita mitaa yetu, milango mingi unayobisha ni kazi ya mikono yake. Kiharusi kilimkuta karakanani, randa mkononi, na upande wake wote wa kulia ukazimika: mkono, mguu, kona ya mdomo. Akili ilibaki nzima. Maneno nayo yalibaki, ila yanatoka moja moja, kwa jasho, na mengine anayaacha njiani. Mama yetu alishafariki zamani, kwa hiyo mdogo wake baba, shangazi Nono, alifunga nyumba yake kule Sakania, mji mdogo wa mbali, akaja kumuuguza.

Hospitalini tulipewa kijana mmoja mpole, Zéphirin, ambaye ni kiné, yaani mtaalamu wa kurudisha viungo kazini. Siku ya kutoka alinivuta pembeni ya kitanda.

"Maman Feza, we uko maîtresse ya gymnastique, utanielewa," alisema kwa Kiswahili cha mji wetu, kile kinachosema njo badala ya ndiyo. "Mwili inasahau mbio. Mukono yenye habatumikishe, kichwa itasema, ah, ile sina nayo tena. Njo sasa wakati ya kuifundisha, hii miezi ya kwanza. Mukimulalisha tu, atabakia kulala."

Akanionyesha namna ya kumsimamisha. Kiti kiwe kigumu, chenye pa kuegemeza mikono. Mgonjwa asogee mpaka ukingoni. Miguu irudi nyuma, visigino viwe chini ya magoti. Kisha kifua kiende mbele, pua ipite vidole vya miguu, kwa sababu mtu hasimami kwa kujivuta juu, anasimama kwa kuinama mbele kwanza. Jaribu mwenyewe hapo ulipokaa, ukatae kuinama, utaona kama utatoka. Pumzi itoke, isizibwe. Msaidizi akae upande ule dhaifu, tayari kukinga, asiinue. Na mgonjwa asivutwe kamwe kwa mkono wa kulia, wala asibebwe kwa kwapa, maana bega lililolegea linachomoka upesi. Kizunguzungu kikija, au pumzi ikikata, ni kuacha papo hapo na kumketisha.

"Kidogo kidogo, lakini kila siku," alimalizia. "Usikuwe na haraka, maman. Haraka njo inavunjaka bantu."

Niliitikia kwa kichwa, tena kwa maringo kidogo. Kupasha mwili moto, kupumzika, kujua kiasi: hayo ndiyo mahubiri yangu ya kila siku. Nilidhani kazi ngumu itakuwa kwa baba. Sikujua kwamba itakuwa kwetu sisi wazima.

Nyumbani kwetu mzee akiugua hainui hata kijiko. Ukoo wetu ulitoka Maniema zamani za mababu, na mpaka leo, katikati ya mji huu wa migodi na malori, heshima ya familia inapimwa kwa mikono: nani anamwosha mgonjwa, nani anamlisha, nani anamgeuza, nani anamfuta jasho. Wageni wanakuja mchana kutwa kumwona. Wanavua viatu mlangoni, wanakaa kwenye mkeka kuzunguka ukuta, wanasema kwa sauti ya chini, na macho yao yanazunguka. Wakimwona mzee ananyoosha mkono kuchukua kikombe chake mwenyewe, kabla ya jua kuzama mtaa mzima umeshajua kwamba watoto wa Alimasi hawana roho.

Shangazi Nono alikuwa na roho ya kutosha watu wote. Alimwamsha baba, akamwosha, akampaka mafuta, akamgeuza, akamlisha. Kula ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Mkono wa kulia ulikuwa hauna kazi, na kula kwa mkono wa kushoto baba hakukubali. Kwake ni aibu mbele ya Mungu na mbele ya watu. Basi shangazi alikata matonge ya bukari, ndio ugali wetu, akayafinyanga madogo madogo, akachovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, akamtilia mdomoni. Baba alitafuna huku akiangalia dari. Mtu aliyekuwa anabeba mbao za mlango mzima begani peke yake!

Siku moja nilijaribu. Niliweka tonge kwenye kiganja chake cha kulia, nikaweka mkono wangu chini ya wake, tukaanza kupandisha polepole. Lilifika karibu na kidevu. Kisha vidole vikalegea, bukari ikaanguka kifuani, na mchuzi ukamchafua kanzu mbele ya wageni. Baba akafumba macho. Shangazi, ambaye humwita baba yaya, yaani kaka mkubwa, akatupa kitambaa chini.

"Feza! Unamufanya yaya yangu mutoto? Bageni beko naangalia!"

"Shangazi, tusipomutumikisha ile mukono, itakufa kabisa."

"Ilishakufa! Mungu njo alitaka. Shiye tuko hapa juu ya nini? Hii mikono yetu ni ya nini?" Akaninyooshea mikono yake yote miwili, imejaa harufu ya mafuta ya kupaka. "Enda ukafundishe bana kuruka-ruka kule ku masomo. Hapa tuko na mugonjwa."

Wageni walicheka kidogo, kwa heshima, kwenye viganja. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba, nikalia kwa hasira, na hasira ya kulia ni mbaya kuliko ya kupigana kwa sababu haikuachii kitu mkononi.

Kaka yangu Zakari naye alikuwa na wema wa aina yake. Biashara yake iko Kasumbalesa, mpakani, na mara nyingi halali nyumbani. Safari moja alirudi na kiti cha fotei, kikubwa, chekundu, laini, cha kuzama, kimefungwa juu ya gari kwa kamba. Mtaa mzima ulitoka kuangalia. Wakamwingiza baba ndani yake, na baba akazama mpaka magoti yakawa juu kuliko kiuno.

"Angalia, papa anakaa sawa chef!" Zakari alisema, anafuta jasho, anafurahi.

Nilimwambia kwamba hata mimi nikikaa humo siwezi kutoka bila kusaidiwa. Alidhani natania. Walipomtoa baba, nilikaa, nikajaribu, nikashindwa, na wote wakacheka kwelikweli, hata baba alitoa sauti fulani. Kisha wakamrudisha mlemle. Ndiyo nyumba yetu hiyo.

Wiki zilikwenda. Misuli ya paja la baba ilipungua mpaka suruali ikawa inapepea. Nikimshika kisigino nilihisi kifundo kimeanza kukaza, mguu unataka kunyooka kuelekea chini na kubaki hivyo. Kila nikiondoka asubuhi niliogopa, na kila nikirudi niliogopa zaidi. Maneno ya Zéphirin yalikuwa yananifuata mpaka uwanjani: atabakia kulala. Niliwapigia watoto filimbi, nikawaona wanainama na kusimama, wanainama na kusimama, bila kushukuru hata kidogo, nikatamani kuwachapa.

Ikawa Jumamosi moja, shangazi akaenda mtaa wa Katuba kwenye matanga ya jirani yake wa zamani. Alivaa, akaniachia maagizo ya chakula na ya shuka, akaondoka. Kwa mara ya kwanza tulikuwa peke yetu, mimi na baba, mchana mweupe, hakuna mgeni. Nilifunga mlango wa mbele kwa komeo. Nikaleta kiti kigumu kutoka karakanani, nikakiegemeza ukutani kisiteleze.

"Papa, tujaribu?" nilimwuliza.

Aliniangalia, akaangalia kiti. Kisha akasema, "Ja... ribu."

Nilimhamisha vizuri, kama nilivyofundishwa. Nikamsogeza ukingoni. Nikamwekea mguu wa kulia nyuma, maana huo hakuweza kuuweka mwenyewe, daima ni mikono yangu au ya shangazi iliyouweka. Nikapiga goti upande wake. "Pua mbele, papa. Inama. Toa pumzi. Sukuma!" Mara ya kwanza makalio hayakuachana na kiti. Mara ya pili yaliachana kidogo. Tukapumzika. Na halafu, sijui ilitoka wapi, baba aliinama mbele kama mtu anayetafuta msumari sakafuni, akatoa mlio, na akasimama.

Baba yangu alisimama! Alitetemeka, mkono wa kushoto umebana kiti, uso umejaa jasho, lakini alikuwa juu, na mimi nilikuwa chini yake nikimtazama kama nilivyokuwa namtazama nikiwa mdogo. Nilipiga kelele. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja. Akakaa, akahema, na kona ile ya mdomo iliyo hai ikatabasamu.

Hapo ndipo nilipopaswa kuacha. Mtoto yeyote wa darasa langu angejua kwamba hapo ndipo pa kuacha. Lakini nilikuwa nimengoja muda mrefu mno, na shangazi angerudi, na kesho ingekuwa tena tonge na fotei. Ilikuwa kama naona mlango umefunguka kidogo, nikataka kuuvunja.

"Rudilia, papa. Moja tu."

Akarudia. "Moja tena." Akarudia, nusu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. "Ni... me... choka," alisema. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikasema, "Ya mwisho, papa, ya mwisho, njo hii." Akainama. Akainuka. Goti la kulia likakatika chini yake, nami niliyekuwa nimehama mbele ili nimwone uso, badala ya kukaa upande wangu wa kukinga, nikachelewa. Aliangukia ubavu. Paji la uso lilipiga mguu wa kiti na damu ikatoka.

Shangazi Nono alibisha mlango tukiwa bado sakafuni. Nilipofungua komeo aliona kiti, damu, na kaka yake chini akiwa amejikojolea. Hakupiga kelele. Alikaa chini akaweka kichwa cha baba mapajani mwake, akamfuta damu kwa kitambaa chake cha matanga, na hakuniangalia tena siku hiyo.

Zéphirin alikuja kesho yake. Alimpima, akasema hakuna kilichovunjika, bega liko mahali pake. Akaniuliza ilikuwaje. Nikamweleza. Akatikisa kichwa tu, na akasema kwamba kusimama kule ni habari njema, tuendelee, ila kwa kiasi. Nani alikuwa anamsikiliza? Wote walikuwa wanaangalia bandeji.

Jioni ile Zakari aliita kikao. Walikuja pia wajomba wawili wa kukaa tu na kukohoa. Zakari alisema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko matusi.

"Feza, tunajua unamupenda papa. Lakini hapa hapana tena. Vendredi, nyuma ya sala, ntamupeleka Sakania kwa shangazi. Kule ni kimya, kuko banamuke na bana ba jirani ba kumusaidia. Atapumuzika."

"Atapumuzika mupaka lini?" nilimwuliza.

"Mupaka Mungu atasema."

"Kule hakuna kiné! Hakuna mutu wa kumusimamisha!"

"Njo nasema atapumuzika," alijibu.

Baba alikuwa hapohapo kwenye fotei yake, bandeji kichwani, anasikia kila neno. Hakuna aliyemwuliza. Alifungua mdomo, akatafuta, neno halikutoka, na shangazi akainama kumfuta mate kabla hajalipata. Nikaona kile kitambaa kinavyoliziba lile neno, na akili yangu ikaruka.

"Nkambo alikufaka namna gani, shangazi?" niliuliza. Nkambo ni bibi yetu, mama yao; nilikuwa mdogo lakini namkumbuka. Alianza kuumwa nyonga. Shangazi alimlaza, akamtumikia kwa mapenzi ambayo mpaka leo yanasifiwa, na yule mwanamke hakunyanyuka tena mpaka wakamtoa kwa jeneza. "Alikuwa anaumwa tu muguu. Muguu! Mulimupenda, mukamulalisha, mukamulisha, mupaka mukamuua."

Mjomba mmoja alisema "Astaghfirullah." Zakari alisimama. Shangazi Nono peke yake hakufanya kitu. Alikaa na kile kitambaa mkononi, na uso wake ukazeeka mbele yangu. Ningeweza kuomba msamaha palepale. Sikuomba. Nilikuwa bado naamini kila neno.

Siku zilizobaki kufika Ijumaa hiyo ya safari tulipishana ndani ya nyumba bila kusemeshana. Yeye alifunga mizigo ya baba. Mimi nilikwenda shule na kurudi. Nilikata tamaa, na sioni haya kusema. Nilianza hata kumuaga baba kichwani mwangu, nikimwangalia amezama katika fotei, nikijiambia huyu ndiye, mkumbuke hivi.

Ijumaa asubuhi sikwenda kazini. Nilikuwa jikoni nikichemsha maji nilipomsikia shangazi anaita kutoka chumbani.

"Feza. Kuya."

Alikuwa anamwosha baba kwa mara ya mwisho kabla ya safari. Amemlaza kwa ubavu, ameinua shuka. Alinionyesha kwa kidole. Chini ya mgongo, pale mfupa unapokaribia ngozi, palikuwa na doa la upana wa kiganja, jekundu lenye weusi katikati, na ngozi imeanza kuachia.

"Tangu lini?" nilimwuliza.

"Siyui. Nilizania ni joto. Nilikuwa naipakala mafuta." Hakuondoa macho kwenye lile doa. "Mama naye alianzaka hivi. Hapa hapa. Mi njo nilimuoshaka. Ilianza kadogo hivi, kisha ikafunguka, kisha harufu... Feza, nilimuoshaka vizuri. Kila siku. Mbele ya Mungu, nilimuoshaka vizuri."

"Najua, shangazi."

"Na hii yote mi njo naleta?"

Sikuwa na nguvu ya kumjibu ndiyo, wala ya kumdanganya. Nikasema, "Ni kulala. Kulala sana njo inaleta." Kisha nikamwomba msamaha kwa yale ya kikaoni, kwa haraka na vibaya, na yeye akapunga mkono kana kwamba hilo si la leo.

"Nifanye namna gani?" aliuliza.

"Usifanye kintu."

"Namna gani?"

"Akitaka kuinuka, usimuinue. Akianguka ku kiti, usimukamate. Akilia, muache alie. Mi ntakuwa upande ya kumukinga, kama iko hatari ntamukinga. We usifanye kintu."

Shangazi Nono aliangalia mikono yake. "Ile kazi siiyue," alisema. "Tangu nazaliwa habakunifundishaka."

"Iweke mikono ku mugongo," nilimwambia. "Uishikanishe. Bana ba masomo njo tunabafundisha vile, juu basiguse-guse."

Tulimvisha baba suruali safi na shati. Hatukumpeleka kwenye fotei. Tulimkalisha kwenye kiti kigumu cha karakanani, kimeegemezwa ukuta, na nikamwambia kila kitu kwa sauti ya kawaida: kidonda, Sakania, na kwamba leo ni yeye atakayesema. Nilimwambia pia kwamba Jumamosi ile kosa lilikuwa langu, kwamba alisema amechoka na mimi sikumsikia. Alinisikiliza. Halafu akaangalia mlango wa mbele, ambao aliutengeneza mwenyewe.

Baada ya sala honi ililia nje. Zakari aliingia na dereva, wote wamekunja mikono ya mashati, tayari kubeba. Mlangoni majirani walikuwa wameanza kukusanyika kumuaga mzee.

"Haya papa, twende," alisema Zakari, akainama kumshika kwapani.

"Muache," alisema shangazi.

Zakari alidhani hakusikia vizuri. "Shangazi, gari iko nangoya."

"Ingoye. Yaya atasimama. Akisimama, habebwe. Akisimama, atasema mwenyewe fasi anataka kwenda." Kisha akarudi nyuma hatua chache, mbele ya majirani wote, akaweka mikono yake mgongoni.

Nilipiga goti upande wa kulia wa baba. Nilimsogeza ukingoni, nikamwekea ule mguu mahali pake. Nikamwambia taratibu, "Pua mbele, papa. Pumzi itoke." Nikaondoa mikono yangu.

Akainama. Akasukuma. Hakuinama vya kutosha, akarudi kitini. Watu mlangoni walitoa ile sauti ya huruma, na mama mmoja akasema kwa nguvu, "Lakini banamutesa juu ya nini?" Nilimwacha ahesabu pumzi zake mpaka zikatulia. Nilimwuliza kama ana kizunguzungu. Akatikisa kichwa kukataa. Nilimtazama midomo, rangi yake ilikuwa sawa.

Mara ya pili aliinama mpaka nikaona kisogo chake, na mwili ukaachana na kiti. Akafika nusu. Akakwama palepale nusu, hapandi, hashuki, mguu wa kushoto unatetemeka, mshipa wa shingo umesimama. Ute ulimtoka kwenye kona ya mdomo ukashuka mpaka kifuani. Hakuna aliyeufuta. Nilitaka kumwinua, na Mungu ni shahidi yangu, sikuwahi kutaka kitu zaidi ya hicho. Kidole kimoja tu chini ya kiwiko kingetosha. Sikumgusa. Kisha goti likateleza, mguu wa kulia ukakimbia mbele, na baba akarudi kitini kwa kishindo.

Zakari aliruka. Shangazi alimzuia kwa kifua, maana mikono ilikuwa bado nyuma, vidole vimebanana mpaka vimekuwa vyeupe.

"Ataanguka, shangazi! Unataka aanguke tena?"

"Aanguke!" Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Mama hakuangukaka hata siku moja, Zakari. Hata siku moja. Alilalaka tu."

Nje utingo aliyebaki garini alipiga honi tena. Hakuna aliyekwenda kumjibu; dereva mwenyewe alikuwa amesimama nasi, amesahau gari, mikono mgongoni kama shangazi. Baba alikuwa anahema, macho chini, anautazama mguu wake wa kulia ulionyooka mbele ya kiti. Alimtazama shangazi. Alinitazama mimi. Sikuinama kumwekea.

"Rudilia, yaya," alisema shangazi Nono.

Baba akashusha mkono wake wa kushoto, akakamata suruali juu ya goti la kulia, akauvuta ule mguu nyuma mwenyewe, mpaka kisigino kikafika chini ya goti. Kisha akaanza kuinama mbele.